Taa ya 4x4 Inawaka: Je, Hiyo Inatosha Kununua Gari?

SWALI: “Mtaalamu, shikamoo. Nina shamba la mpunga upande wa Mlimba na nimechoka kukodi trekta la kunivuta kila masika. Nimepata magari mawili. La kwanza ni Toyota Prado ya mwaka 2005, dizeli, otomatiki, iko Dar es Salaam. Namba yake ni ya herufi D na dashibodi inaonyesha kilomita 118,000. Muuzaji alibonyeza kitufe cha 4x4, taa ikawaka, tukazunguka kwenye kiwanja cha lami, tukakata kona kali na gari likaenda laini kabisa. Chini limepakwa rangi nyeusi mpya na injini inanguruma vizuri. La pili ni Land Cruiser mkonga ya mwaka 2001, injini ya 1HZ, iliyokuwa ya mradi fulani, iko Morogoro. Hiyo imechoka kwa sura, inavuja grisi nyuma ya magurudumu ya mbele, na bei yake iko juu kuliko ya Prado. Fundi wangu, ambaye ni hodari wa injini, anasema nichukue Prado. Nikague nini kabla sijatoa pesa?”

JIBU: Marahaba. Kwa jinsi nilivyokuelewa, hofu yako ni kununua gari linaloridhisha macho na masikio mjini halafu likakuacha topeni. Hofu hiyo ina msingi, na katika maelezo yako yapo mambo mawili uliyoyataja kama sifa za Prado ambayo mimi nayaona kuwa dalili za kuchunguzwa: kona kali iliyokatwa kwa ulaini huku taa inawaka, na rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini. Nitaanza na taa, kwa sababu ndiyo inayowapotosha wanunuzi wengi wa magari ya aina hii, na ukishaelewa inachosema utaweza kulikagua gari lolote la 4x4 bila kumtegemea dalali.

Gari linapokata kona, kila gurudumu hupita njia yake. Magurudumu ya mbele hupita duara kubwa kuliko ya nyuma, kwa hiyo katika muda uleule hulazimika kuzunguka zaidi. Prado ya toleo la 120, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009, kwa zile zilizotoka Japani na Uingereza, huvuta kwa magurudumu yote manne wakati wote, hata ukiwa kwenye lami ya Barabara ya Morogoro. Inaweza kufanya hivyo bila kujiumiza kwa sababu ndani ya transfa, yaani sanduku linalogawa nguvu kwa mbele na nyuma, kuna difu ya katikati inayoruhusu shafti ya mbele na ya nyuma zipishane kwa mwendo. Kitufe ulichoonyeshwa, basi, hakiwashi 4x4. Kazi yake ni kuifunga hiyo difu ya katikati, ili shafti mbili zizunguke sawasawa na gurudumu linaloteleza mbele lisile nguvu yote ya injini. Taa ikitulia bila kupepesa, inaarifu kwamba transfa imejifunga. Haijui wala haiwezi kujua kinachoendelea baada ya transfa, kwenye shafti, difu na magurudumu yenyewe.

Sasa pima ulichokiona kwa maelezo hayo. Difu ya katikati ikiwa imefungwa na shafti zote zipo mahali pake, kona kali kwenye lami kavu haiwezi kuwa laini. Gari hukaza, usukani huwa mzito, matairi hulia, na ukiachia mafuta gari husita kana kwamba mtu ameshika breki. Lako lilienda laini. Huenda kona hazikuwa kali kama zilivyoonekana, na huenda waya wa taa umechezewa; lakini huenda pia shafti ya mbele imeng’olewa, iwe ni propela shafti yenyewe au zile fupi zinazokwenda kwenye magurudumu ya mbele. Jambo hilo hufanyika. Shafti ikianza kulia au kugonga, wapo wenye magari wanaoona ni nafuu kuitoa kuliko kuitengeneza, na wapo wanaoitoa kwa imani kwamba wanaokoa mafuta. Prado ikishatolewa shafti ya mbele, dereva hulazimika kuifunga difu ya katikati muda wote, maana bila hivyo nguvu hupotelea upande usio na mzigo. Kwa hiyo gari lililobaki na magurudumu mawili tu yanayovuta ndilo linaloweza kuwasha taa hiyo mchana kutwa na kukata kona kwa upole. Simtuhumu muuzaji wako. Nasema tu kwamba jaribio alilokufanyia halithibitishi alichodai, na ukilitafakari linaelekea kuthibitisha kinyume chake.

Usilirudie kwenye lami. Ukilazimisha kona kali kwenye lami kavu huku difu imefungwa, shafti na giya za transfa hubanana na huweza kuumia, na hilo gari si lako bado. Anza kwa kulala chini yake na tochi. Kutoka transfa, karibu na katikati ya gari, propela shafti moja inapaswa kwenda nyuma na nyingine kwenda mbele hadi kwenye difu ya mbele, na kutoka difu hiyo shafti mbili fupi zenye mipira meusi yenye mikunjo ziende kwa magurudumu. Zikiwapo zote, hakikisha boliti zake zina vumbi la umri uleule na sehemu zinazozizunguka. Boliti zinazong’aa kwenye shafti yenye kutu zinaeleza kwamba imerudishwa juzi.

Kuona kwa macho hakutoshi, kwa sababu shafti fupi inaweza kuwapo kwa nje huku ndani imekatika. Weka gari kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, vuta breki ya mkono, weka mawe au magogo imara kwenye magurudumu ya nyuma, wenzo wa transfa uwe kwenye H (mwendo wa kawaida) na giya iwe kwenye P, injini imezimwa. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, lile la upande wa pili likiwa chini. Lishike ujaribu kulizungusha kwa mikono. Gurudumu lililounganishwa ipasavyo litacheza kidogo kisha litagoma, kwa kuwa limefungwa na giaboksi upande mmoja na gurudumu mwenzake upande mwingine. Likizunguka bila kizuizi, kuna kitu kimekatika au hakipo. Rudia upande wa pili. Asiingie mtu chini ya gari wakati limesimama kwa jeki peke yake. Mwisho, tafuta kipande cha barabara ya vumbi au changarawe, funga difu, weka L (giya nzito za mwendo wa polepole), kisha zunguka polepole usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho: unapaswa kuhisi magurudumu yakisukumana na kurusha changarawe kidogo. Hapo ndipo gari linajieleza lenyewe.

Land Cruiser ya Morogoro ni mfumo mwingine, na usiihukumu kwa kanuni za Prado. Haina difu ya katikati. Kwenye H2 huvuta kwa nyuma tu. Kwenye H4 na L4 shafti mbili hufungwa pamoja, kwa hiyo kukaza kwenye kona ya lami ni tabia yake, na si ugonjwa. Wenye gari hilo hutumia H4 kwenye utelezi na vumbi peke yake. Tazama pia vifuniko vya katikati ya magurudumu ya mbele: kama ni vya kuzungusha kwa mkono, vina maandishi FREE na LOCK. Vikiwa kwenye FREE, unaweza kuvuta wenzo hadi L4 na taa ikawaka, lakini magurudumu ya mbele hayatavuta hata kidogo. Vizungushe mwenyewe kwenda LOCK na kurudi. Vikiwa vimeganda, uwezekano mkubwa ni kwamba magurudumu ya mbele hayajavuta kwa muda mrefu. Jaribio la jeki ni lilelile, ila vifuniko viwe LOCK, wenzo uwe H4 na giya ya kwanza iwe imeingia. Na kabla ya kuinua, sogeza gari mita chache mbele ili meno ya ndani yashikane.

Kwa kuwa utaonyeshwa pia magari mengine, niseme kwa ufupi: RAV4, Harrier, X-Trail na jamaa zake, hata yale yenye nembo ya 4WD, hayana giya nzito za L, na mengi kati yake huvuta kwa mbele kisha huamsha nyuma yanapoteleza. Ni magari mazuri kwa barabara ya changarawe. Kwa tope jeusi la bonde la Kilombero wakati wa masika, usiyahesabu.

Nije kwenye rangi nyeusi. Prado na Land Cruiser zote mbili zimejengwa kwa bodi inayokaa juu ya chasisi, yaani zile nguzo mbili ndefu za chuma zinazobeba injini, difu na watu. Injini hubadilishwa, milango hubadilishwa, viti hushonwa upya. Chasisi iliyooza au iliyopinda ndiyo mwisho wa gari, na ndiyo sababu mimi huikagua kabla ya kufungua boneti. Magari yaliyoishi Uingereza au kaskazini ya Japani yametembea kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo huingia ndani ya chasisi, ambayo ni mrija wenye uwazi, huchanganyika na matope, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Ukubwa wa tatizo hili si hadithi za mafundi: mwaka 2016 nchini Marekani, Toyota ilikubali katika mapatano ya kesi kukagua magari ya Tacoma, Tundra na Sequoia kwa ajili ya kutu na kubadilisha chasisi pale ilipohitajika. Kwetu, magari yaliyokaa Tanga, Zanzibar au Mafia, karibu na upepo wa bahari, yanastahili shaka hiyohiyo.

Rangi nyeusi nzito, mpya, inayofanana kila mahali, yaweza kuwa kinga iliyowekwa kwa nia njema. Yaweza pia kuwa pazia. Chukua nyundo ndogo na uombe ruhusa ya kugonga taratibu. Chuma kizima hutoa mlio mkali na nyundo hurudi; chuma kilichooza hutoa mlio mfu, na vipande hudondoka au rangi hubonyea. Tumia muda mwingi sehemu ya nyuma, pale chasisi inapopanda juu ya ekseli, kwenye vishikizo vya shokapu na springi, na kwenye vyuma vya kukingama vinavyounganisha nguzo mbili. Pitisha kidole ndani ya matundu ya chasisi: ukitoa magamba ya kutu kama maganda ya kitunguu, hesabu imeisha. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa juu ya chuma kigumu haitishi. Kiraka kilichochomelewa kinatisha, hasa karibu na kishikizo, kwa kuwa huwezi kujua kimefunika nini. Tafuta pia dalili za ajali: mikunjo midogo kwenye ncha za mbele za chasisi, nguzo moja kuwa na umbo tofauti na mwenzake, au tairi za mbele kuliwa upande mmoja. Namba ya chasisi kwa Prado hiyo imegongwa kwenye nguzo ya kulia, karibu na gurudumu la mbele. Isafishe kwa kitambaa uisome yote. Eneo lililosagwa, lililochomelewa au lenye rangi mpya peke yake ni sababu ya kuondoka bila mjadala.

Kwa matumizi yako, jambo linalofuata kwa uzito ni maji. Difu, giaboksi na transfa vina oili ndani, na oili hiyo hupata moto gari linapotembea. Ukiingia mtoni ghafla, chuma hupoa, hewa iliyomo ndani hujikunja na kuvuta chochote kilicho karibu. Ili isivute maji, kila difu ina kipumulio kidogo juu yake. Kipumulio kikiziba kwa tope, maji huvutwa kupitia sili za shafti, na oili hugeuka rangi kama ya chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo hailainishi. Beringi na meno ya difu huliwa polepole bila kelele, hadi siku kelele zinapoanza na gharama imekwisha kuwa kubwa. Mwombe muuzaji ruhusa ya kufungua nati za kujazia oili kwenye difu zote mbili na kwenye transfa. Chovya kidole. Oili ya kahawia au nyeusi inaweza kuwa imezeeka tu. Yenye rangi ya maziwa imekunywa maji. Unga mwembamba wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande unavyovihisi kwa ncha za vidole si vya kawaida. Na nati ikiwa imeganda hadi inahitaji kuchomwa moto ili ifunguke, umepata jibu kuhusu matunzo bila kuuliza swali.

Wengi hudhani mkonga unalinda gari zima dhidi ya maji. Mkonga hupandisha juu mdomo wa kuvutia hewa ya injini, basi; difu na giaboksi hazihusiki nao. Tena, mkonga uliofungwa kwa mapambo, wenye tundu au kiungio kilicholegea ndani ya boneti, ni hatari kuliko kutokuwa nao, kwa sababu humpa dereva ujasiri wa kuingia pasipoingilika. Maji hayabanwi kama hewa. Yakifika kwenye silinda wakati injini inazunguka, hupinda mikono ya pistoni. Fuata bomba lote hadi kwenye chujio la hewa, kisha fungua chujio uangalie kama kuna mistari ya tope mkavu.

Kuhusu grisi inayovuja kwenye Land Cruiser, naona imekutisha kuliko inavyostahili. Ekseli yake ya mbele ni nzima, na kila mwisho una tufe la chuma lililotulia, lililojazwa grisi, ambalo gurudumu hugeuka kulizunguka. Sili ya ndani ndiyo inayotenganisha grisi hiyo na oili ya difu. Sili ikichoka, oili hupenya, huyeyusha grisi, na mchanganyiko huo mweusi hutiririka nyuma ya gurudumu. Kazi ya kubadilisha sili, beringi na grisi inajulikana kwa fundi yeyote wa magari hayo, na vipuri vyake havisumbui kupatikana. Swali la maana ni gari limetembea kwa muda gani katika hali hiyo. Inua gurudumu, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza sana, beringi zimekufa. Kisha kata usukani hadi mwisho uendeshe polepole: mlio wa kukatika-katika unatoka kwenye kiungio cha ndani ya tufe, na hicho kina bei. Pima pia kina cha oili ya difu ya mbele, kwani kilichotoka nje kimepungua ndani.

Prado haina ekseli nzima mbele; kila gurudumu linajitegemea. Kwenye hiyo tikisa gurudumu ukikagua boljointi za chini, tairodi, bushi na reki ya usukani. Boljointi ya chini si ya kubahatisha, maana ikiachia gurudumu hulala. Kama Prado ina springi za hewa nyuma, na baadhi ya matoleo yanazo, iache imezimwa usiku kucha uone kama asubuhi makalio yake yamekaa chini.

Injini nitaieleza kwa ufupi kiasi, kwa kuwa fundi wako ni hodari wa injini, ila kuna jambo moja ningependa alizingatie. Prado ya dizeli ya mwaka huo kwa kawaida ina injini ya 1KD yenye lita 3.0 na nozeli zinazoendeshwa kwa umeme. Udhaifu wake unaojulikana uko kwenye washa za shaba, yaani pete nyembamba zinazokaa chini ya nozeli. Zikichoka, moto wa silinda hupenya pembeni na kuingia kwenye oili, masizi hujikusanya kama lami, kisha huziba chujio la kunyonyea oili lililo ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Injini hunguruma vizuri kabisa hadi siku oili inapokosa kupanda, na siku hiyo turbo na beringi huondoka pamoja. Kwa hiyo mngurumo mzuri uliousikia mchana hauna uzito mkubwa. Fika asubuhi, gusa injini uhakikishe ni ya baridi, ndipo iwashwe mbele yako. Mlio wa chuma kugonga unaosikika ikiwa baridi na moshi mweupe usiokwisha ni dalili za nozeli. Fungua kifuniko cha oili: weusi peke yake si dalili, kwani oili ya dizeli huwa nyeusi mapema, mabonge mazito ndiyo dalili. Ikiwa inanguruma, kifuniko kikiwa wazi, moshi unaofoka kwa mapigo unaonyesha mgandamizo unapita pembeni mwa pistoni au mwa nozeli.

Injini ya 1HZ ina silinda 6 na lita 4.2, haina turbo, na pampu yake ni ya kimakanika. Ni nzito kupanda milima na inapenda mafuta, lakini fundi wa Mlimba ataielewa bila kompyuta. Adui yake mkuu ni joto, hivyo kagua rejeta na maji yake. Injini zote mbili zina mkanda wa taimingi unaobadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kutegemea maelekezo ya soko. Taa ya T-BELT, ile ya kukumbusha mkanda, kuzimika haithibitishi kwamba mkanda ulibadilishwa, maana huweza kurudishwa nyuma bila mkanda kuguswa. Kama hakuna risiti, hesabu kwamba utabadilisha wewe wiki ya kwanza. Na kwa kuwa Prado ni otomatiki, angalia maji ya rejeta na oili ya giaboksi: vimiminika hivyo hupita karibu ndani ya rejeta, na ukiona rangi ya waridi yenye maziwa upande wowote, vimekwisha kuchanganyika na giaboksi iko hatarini.

Zile kilomita 118,000 zisikushughulishe sana. Odometa hurudishwa nyuma kwa urahisi, na kanyagio lililolika, usukani uliong’aa na kiti kilichobonyea husema kweli zaidi. Herufi D inaonyesha gari lilisajiliwa Tanzania karibu lini, wala haisemi lilitengenezwa lini au liliishi wapi kabla ya hapo. Ukijua lilitoka Uingereza, tafuta namba yake ya zamani ya huko, kwa kuwa kumbukumbu za ukaguzi wa kila mwaka ziko wazi mtandaoni bila malipo, pamoja na umbali uliosomwa kila ukaguzi, kwa kawaida kwa maili, na maoni ya mkaguzi kuhusu kutu. Kama lilitoka Japani kupitia mnada, omba karatasi ya mnada. Daraja la R au RA linamaanisha lilipata ajali likatengenezwa. Kwenye matairi, soma tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa gari linalovuta kwa magurudumu manne wakati wote, matairi yasiyolingana ukubwa huilazimisha difu ya katikati kufanya kazi bila kupumzika.

Gari la Morogoro lina jambo lake la karatasi, na ni kubwa kuliko grisi. Magari ya miradi ya wafadhili, yale ya namba za DFP, mara nyingi huingizwa nchini kwa msamaha wa kodi. Yakiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi hudaiwa. Kabla hujalipa hata senti, nenda ofisi ya TRA na nakala ya kadi, uthibitishe kwamba kodi imelipwa, kwamba gari limehamishwa kihalali kutoka kwa mradi, na kwamba jina la anayekuuzia ndilo lililo kwenye kumbukumbu. Kwa magari yote mawili, dai kadi halisi. Muuzaji mwenye nakala tu huenda kadi yake iko kwa mkopeshaji. Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu.

Ukiniuliza lipi, jibu langu linategemea shamba lako kuliko magari. Prado ikipita jaribio la jeki na nyundo, na washa za nozeli zikathibitika kuwa nzima, ni gari bora kwa familia: inakaa watu kwa raha, inakimbia kwenye lami, na kwenye tope inaweza kufanya mengi kuliko inavyodhaniwa. Lakini ikikwama kwa tatizo la umeme wa nozeli huko Mlimba, utahitaji mashine ya kupimia ambayo huenda ikakulazimu kuifuata Ifakara au Morogoro. Land Cruiser itakuchosha mgongo, springi zake za nyuma ni za mapande, na kila safari ya Dar itakuwa ndefu. Hata hivyo, kwa mtu anayekwenda shambani masika yote na kubeba magunia, mimi ningeichukua hiyo yenye sura mbaya, ilimradi chasisi iwe nzima na kodi iwe safi. Tofauti ya bei uliyoiona si wizi. Soko linajua linacholipia. Lolote utakalochukua, usitumie pesa yote kununulia. Kwa umri huu wa magari, mimi hushauri mnunuzi abakize karibu moja ya tano ya bei kwa ajili ya oili zote, mkanda, sili, bushi na matairi.

Fundi wako mheshimu, ila usimwachie kazi asiyoizoea. Mpe injini, na kwa sehemu ya chini mtafute fundi wa chasisi na difu, asiyefahamiana na muuzaji wala dalali, kwenye gereji yenye shimo au lifti. Kwa Prado ongeza mtu mwenye mashine ya kusoma marekebisho ya kila nozeli, yaani kiasi cha mafuta ambacho kompyuta huongeza au kupunguza kwa kila moja. Hayo huwezi kuyafanya kwa picha za simu, wala mimi siwezi kuyathibitisha kwa maelezo, hata yawe mazuri kama yako. Ukikuta namba ya chasisi ina mashaka, acha fundi kabisa na uende polisi wa usalama barabarani kabla ya kulipa. Anza na simu moja kwa muuzaji wa Prado: mwambie utafika asubuhi, gari lisiwashwe kabla hujafika, na utakuja na jeki.